Kufunga mziki mnene kwenye gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu betri, altaneta na waya

Ukurasa huu ni wa mtu wa Arusha au Moshi anayetaka gari lake litoe besi ya kweli, au aliyekwisha kufunga mziki na sasa gari linamsumbua. Maswali yanayofika gereji yanafanana sana, na sababu yake ni moja: watu wengi hununua sabufa na amplifaya kwanza, kisha waya zinatafutwa kwa chenji iliyobaki. Sisi tunaanzia upande wa pili. Njia ya umeme inatengenezwa kwanza, spika zinafuata, na kipimo kinatumika kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kaka, besi ikipiga taa za mbele zinafifia. Ninunue betri kubwa?

Usinunue kitu bado. Taa kufifia maana yake volti zinashuka, lakini hujajua zinashukia wapi, na mara nyingi betri inalaumiwa bure. Tafuta multimita, hata ya bei ndogo, iweke kwenye volti za DC, upime kwa mpangilio huu.

Asubuhi, gari likiwa limelala bila kuwashwa, betri nzima iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 ina kama nusu ya chaji, na ikiwa chini ya 12 imekwisha. Washa injini, pima tena palepale kwenye temino: tegemea 13.8 hadi 14.4. Sasa fungulia mziki kwa sauti unayosikilizia kweli, pima betri, kisha peleka kipimo nyuma kwenye temino za amplifaya yenyewe.

Betri ikisoma 14 na amplifaya ikisoma 12.5, umeme unapotea njiani: waya mwembamba, waya wa alumini, kiungo kilicholegea au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) mbovu. Hapo betri kubwa haikusaidii hata kidogo. Betri yenyewe ikishuka hadi 12.5 huku injini inawaka, altaneta (jenereta ndogo inayozungushwa na injini) imezidiwa, au mkanda wake unateleza, au brashi zake zimeisha. Ikiwa inashuka kwenye sailensa tu (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) na inapanda ukikanyaga mafuta, altaneta ni nzima ila ni ndogo kwa kazi uliyoipa. Na kama gari lilikuwa linapiga stata kwa uvivu hata kabla ya mziki kufungwa, hapo ndipo tuzungumze habari ya betri.

Kwani mziki unaendeshwa na betri au altaneta?

Injini ikiwaka, ni altaneta. Betri inaingia pale mpigo wa besi unapotaka umeme mwingi kuliko altaneta inavyoweza kutoa kwa wakati huo, kisha inarudishiwa deni lake mpigo ukipita. Mtu wa Kibosho au Machame ataelewa haraka kwa mfano wa mfongo, mfereji wa kumwagilia shamba: altaneta ni maji yanayotiririka mfongoni, betri ni bwawa dogo linalojazwa usiku. Ukimwagilia kwa kasi kuliko mfongo unavyoleta, bwawa litakupa muda, halafu litakauka. Ukichimba bwawa la pili, maji ya mfongo yanabaki yaleyale, na sasa una mabwawa mawili ya kujaza.

Amplifaya yangu imeandikwa wati 3000. Inakula ampea ngapi?

Namba iliyochapwa kubwa juu ya boksi iache. Geuza amplifaya, angalia fyuzi zake. Kama ina fyuzi mbili za ampea 30, haiwezi kuvuta zaidi ya ampea 60 kwa muda mrefu bila kuzikata. Zidisha 60 kwa volti 13.8, unapata wati 828 zinazoingia. Sehemu ya hizo inageuka joto. Amplifaya ya klasi D hutoa kama asilimia 80 ya inachokula, ya klasi AB kama asilimia 60. Kwa hiyo hiyo "3000" ni kama wati 660 ikiwa ni klasi D, au 500 ikiwa ni AB. Hizo ndizo wati za kupangia waya.

Ukitaka kwenda upande mwingine, chukua wati za RMS (uwezo halisi wa amplifaya), gawanya kwa 0.8 au 0.6 kulingana na klasi, kisha gawanya kwa 13.8. Wati 1000 za RMS kwenye klasi D ni karibu ampea 90. Kwenye klasi AB ni karibu 120. Tofauti hiyo ya ampea 30 ni sawa na umeme wote ambao gari dogo linatumia kwa taa, feni na pampu ya mafuta, ndiyo maana kwa sabufa tunashauri klasi D bila kusita.

Ampea 90 ni za kilele. Mziki unapanda na kushuka, na kwa nyimbo nyingi wastani huwa theluthi moja ya kilele au pungufu. Amapiano yenye besi ndefu inayovutwa inapandisha wastani huo, na singeli inapiga haraka kiasi kwamba betri haipati nafasi ya kupumua kati ya mpigo na mpigo. Ukijua unachosikiliza zaidi, mwambie fundi. Ni taarifa ya maana kwake.

Nitajuaje kama altaneta niliyonayo inatosha?

Magari mengi madogo tunayoendesha huku, yale ya lita 1.3 hadi 2.0 kutoka Japani, yana altaneta za ampea 70 hadi 100. Namba hiyo inapatikana injini ikizunguka kwa kasi. Kwenye sailensa inaweza kutoa nusu yake, au chini ya hapo.

Piga hesabu ya foleni ya Sakina saa moja jioni. Altaneta ya ampea 80 inatoa kama 40. Taa mbili za mbele za halojeni, wati 55 kila moja, zinachukua karibu 9. Feni ya rejeta, kipepeo cha AC, pampu ya mafuta, plagi na kompyuta ya gari vinaweza kufikisha jumla ampea 30. Umebakiwa na kama 10 kwa ajili ya mziki. Kila kinachozidi hapo kinatoka kwenye betri. Ukishika barabara ya Moshi, kilomita 80 hivi injini ikizunguka vizuri, deni lote linalipwa. Ndiyo maana mtu anayesafiri Arusha na Moshi kila siku anaweza kuwa na mziki uleule na mtu wa mizunguko ya Kilombero na Kijenge, mmoja halalamiki kamwe na mwingine anabusti gari kila mwezi.

Kwa uzoefu wa kazi hii, mpangilio ni huu. Hadi wati 500 za RMS, altaneta ya kiwandani ikiwa nzima inatosha. Kati ya 500 na 1000, ongeza waya tatu kuu (zinaelezwa hapa chini) na uwe na betri nzuri. Ukivuka 1000, na hasa kama unaendesha mjini usiku, anza kufikiria altaneta kubwa.

Fundi ameniambia nianze na "waya tatu". Ni zipi?

Fundi huyo msikilize. Waya wa kwanza unatoka chanya ya altaneta kwenda chanya ya betri. Wa pili unatoka hasi ya betri kwenda bodi ya gari. Wa tatu unatoka kwenye bloku ya injini kwenda bodi au hasi ya betri. Kiwandani walipima waya hizo kwa mahitaji ya gari kama lilivyotoka, na nyingi zimeshakaa miaka kumi au zaidi kabla gari halijashuka Dar. Nyingine ukizivua mpira unakuta shaba imegeuka kijani.

Waya mpya unafungwa sambamba na ule wa zamani, ule wa kiwandani unabaki mahali pake. Angalia jambo moja ambalo linasahaulika sana: waya wa kiwandani wa altaneta unapitia fyuzi kubwa kwenye boksi la boneti. Ule mpya unaoongeza unapita pembeni ya fyuzi hiyo, kwa hiyo lazima uwe na fyuzi yake karibu na betri. Altaneta ikipiga shoti ndani, betri ndiyo itakayomwaga umeme kuelekea huko.

Kazi hii ni ya nusu siku, haihitaji kitu cha kuagiza nje, na taa zinazofifia kidogo mara nyingi hutulia hapo hapo. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, iweke hapa.

Waya upi? Madukani kuna wa bei mbaya na wa bei poa, na vyote vinafanana.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo watu wanapoumia zaidi.

Waya wa bei poa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hupitisha umeme kwa karibu asilimia 60 ya shaba, hivyo waya wa unene uleule unapoteza volti mara moja na nusu hivi. Pili, alumini inalegea ndani ya kiungo kadiri inavyopata moto na kupoa, na ikikutana na unyevu inaliwa. Tatu, baadhi ya waya hizo zina mpira mnene sana na nyuzi chache katikati, kwa hiyo hata ukubwa ulioandikwa haupo.

Kuupima ni rahisi. Omba kipande, chuna nyuzi chache, zikwangue kwa wembe. Ndani pakiwa peupe, ni alumini. Shaba ni nyekundu hadi katikati. Uzito nao unaongea: shaba ni nzito mara tatu na zaidi kuliko alumini ya ukubwa huo.

Ukubwa tunaoutumia sana ni namba 8, yenye milimita za mraba kama 8. Namba 4, kama 21. Na namba sifuri, kama 53. Chukua gari ambalo waya unatoka boneti hadi buti, mita 5, na ampea 100 za kilele. Namba 8 ya shaba inapoteza volti 1 nzima njiani. Namba 4 inapoteza 0.4. Namba sifuri inapoteza 0.16. Volti moja ikipotea kwenye ampea 100 maana yake wati 100 zinageuka joto ndani ya waya, chini ya kapeti, karibu sawa na taa zako mbili za mbele zikiwaka humo. Na ethi bado hatujaihesabu.

Amplifaya nyingi hazina kirekebisha volti, na nguvu yake inafuata mraba wa volti (volti mara volti): ikipata 12 badala ya 14.4 inapoteza kama asilimia 30 ya wati. Kwa hiyo ukinunua amplifaya kubwa na waya mwembamba, umelipia wati ambazo hazitafika kwenye spika.

Ukibanwa sana na lazima ununue alumini, panda saizi moja na upunguze fyuzi. Waya wa kulehemu wa shaba, ule wa mashine za welding, unafaa pia, ila mpira wake haupendi mafuta ya injini, kwa hiyo upitishe ndani ya bomba la kinga.

Fyuzi iwekwe wapi, na ya ngapi?

Karibu na betri, ndani ya sentimita 45 za waya. Fyuzi zilizo kwenye amplifaya zinalinda amplifaya. Hii ya boneti inalinda waya, na waya ndio unaoteketeza gari. Betri ya kawaida ikipigwa shoti inaweza kumwaga ampea mamia kwa mpigo. Waya ukichunika pale unapopenya ukuta wa injini kuingia ndani, na ukagusa bodi, kama hakuna fyuzi mwanzoni waya wote unawaka kwa sekunde chache, na wewe uko kwenye usukani.

Saizi inafuata waya, na waya unafuata mzigo. Kwa shaba: namba 8 fyuzi ya 50 au 60, namba 4 kati ya 100 na 150, namba sifuri 250 hadi 300. Mtu akikushauri uweke kipande cha waya au msumari "kwa muda" baada ya fyuzi kukatika, chukua funguo za gari lako uondoke. Fyuzi imekatika kwa sababu, na sababu hiyo itafutwe siku hiyohiyo.

Panapopenya chuma, weka mpira wa kulinda waya. Panapopita karibu na moto wa injini au bomba la moshi, peleka mbali. Mtungi wa kuzima moto ulio nao kwa ajili ya ukaguzi, angalia tarehe yake na uuweke pale mkono unapofika.

Ethi nifunge wapi?

Kwenye chuma cha bodi, kwa waya wa unene uleule wa chanya, ukiwa mfupi, chini ya nusu mita. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, bolti na washa ya meno, kisha juu upake grisi au rangi kuzuia kutu. Bolti ya mkanda wa usalama isiguswe kamwe. Bolti za siti nazo hazifai, nyingi zimepakwa rangi na gundi.

Kuipima: fungulia mziki, kipimo kimoja kwenye hasi ya betri, kingine kwenye temino ya ethi ya amplifaya. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, kuna mahali umeme unahangaika kurudi.

Nimeambiwa ninunue kapasita ya farad 1, kile kifaa cha kutunza umeme kwa muda mfupi, na mambo yataisha. Kweli?

Hapana. Hesabu yake ni fupi. Kapasita ya farad 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 inatoa jouli 26. Amplifaya inayovuta wati 1000 inazimaliza kwa sekunde 0.026. Mpigo mmoja wa besi ni mrefu kuliko hapo, na baadaye altaneta ileile iliyochoka ndiyo inatakiwa kuijaza kapasita. Inaweza kulainisha kufifia kidogo sana kwa taa. Pesa hiyo inunulie mita kadhaa za shaba.

Ukiwa nayo tayari, kumbuka kuijaza polepole kupitia rizista au taa ya wati chache kabla ya kuiunga moja kwa moja, la sivyo cheche zake zitakutisha.

Betri ya pili inasaidia lini?

Inasaidia kama unapiga mziki gari limezimwa, au kama vilele vya besi ni vikubwa na altaneta ina nafasi ya kuzijaza zote mbili baadaye. Haisaidii kama altaneta imeshindwa na mzigo wa kila siku.

Arusha tuna bahati kwa jambo hili. Magari ya utalii yanafungwa betri ya pili kwa ajili ya friji na kuchaji kamera porini, kwa hiyo mafundi wanaojua rilei ya kutenganisha betri wapo wengi. Kazi ni ileile: injini ikiwaka rilei inaunganisha betri mbili, ikizimwa inazitenga, mziki unakula ya nyuma na ya mbele inabaki kwa ajili ya stata. Waya unaoziunganisha unatakiwa fyuzi mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu umeme unaweza kutoka pande zote.

Betri ya buti iwe ya kufungwa kabisa, aina ya AGM. Ile ya maji hutoa gesi ya hidrojeni inapochajiwa, na buti la Noah au IST ni chumba kimoja na abiria. Ifungwe kwa bamba la chuma na bolti. Gari likigonga, betri ya kilo 20 isiyofungwa inaruka mbele. Na kama betri mbili zitabaki zimeungana muda wote bila rilei, ziwe aina moja, umri mmoja. Ya zamani itamnyonya mpya.

Lithiamu? Ni nyepesi na inashikilia volti vizuri kuliko zote. Lakini inapokea chaji kwa pupa, na altaneta ndogo kwenye sailensa inaweza kuungua ikijaribu kuishibisha. Tunaifunga pamoja na chaja yake ya DC kwenda DC yenye kikomo cha ampea, na kamwe si ndani ya boneti kwenye joto.

Desemba tunapanda nyumbani Rombo. Gari likae uani lipige mziki usiku kucha, litawaka asubuhi?

Kwa betri moja, halitawaka. Betri ya NS60 ina ampea-saa kama 45. Nusu yake ndiyo unaweza kutumia bila kuiumiza, kama 22. Mziki unaokula wastani wa ampea 30 unazimaliza chini ya dakika 45. Hapo kwenye sherehe hata mbege haijazunguka.

Una njia tatu. Punguza sauti hadi wastani wa ampea chache, na kila nusu saa uzime mziki, usubiri dakika tano, upime, ikifika 12.2 acha. Au washa injini, gari likiwa nje kabisa, mbali na madirisha na watoto, kwa sababu moshi wake unaua. Au leta waya wa umeme wa nyumba na chaja ya betri ya ampea 20 au 30, ndiyo njia tunayoipenda kwa sherehe ya uani. Betri za kawaida za gari zinachoka haraka zikimalizwa kabisa mara kwa mara. Betri nzuri inaweza kufa ndani ya sikukuu moja.

Kijana, Coaster yangu ni volti 24. Kuna fundi amechukua 12 kutoka betri moja, redio inapiga vizuri. Kuna shida?

Ipo, mzee, na itaonekana baada ya miezi. Betri zako mbili zimeungwa mfululizo, zinachajiwa kwa mkondo mmoja. Ile inayolisha redio peke yake inabaki nusu tupu kila siku, na mwenzake anazidishiwa chaji mpaka maji yanachemka. Mwisho zinakufa zote mbili, na utaambiwa ulinunua betri feki.

Funga kibadilisha umeme cha 24 kwenda 12 kinachotosha mzigo. Kwa wati 500 za RMS klasi D unahitaji chenye uwezo wa ampea 45 au zaidi. Kwa gari la matangazo lenye spika za tarumbeta juu, ni heri kutafuta amplifaya inayokubali volti 24 moja kwa moja, mambo yanakuwa mepesi. Land Cruiser nyingi za zamani za dizeli kutoka Japani nazo ni 24, kwa hiyo pima kabla ya kuunga chochote.

Shikamoo fundi. Nina Aqua, naweza kuweka sabufa?

Marahaba. Unaweza, kwa kiasi. Aqua na Prius hazina altaneta. Betri ndogo ya volti 12 inajazwa na kibadilisha umeme kutoka betri kubwa ya haibridi, na uwezo wake una mwisho usiobadilishika kirahisi. Kaa kwenye wati 300 hadi 400 za RMS na spika zenye ufanisi. Gari liwe kwenye READY unapopiga mziki kwa nguvu, vinginevyo unamaliza kibetri cha nyuma na gari linakataa kuwaka kabisa. Kebo za rangi ya chungwa zina volti zinazoua. Fundi asiyejua haibridi asizisogeze hata kupitisha waya wake.

Gari langu ni jipya kidogo, volti zinapanda na kushuka zenyewe hata bila mziki. Altaneta ni mbovu?

Huenda ni nzima. Magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayoamuru altaneta ipunguze kazi ili kuokoa mafuta. Angalia temino ya hasi ya betri: ukikuta kidude cha plastiki chenye plagi, hicho kinahesabu umeme unaoingia na kutoka. Ethi ya amplifaya ifungwe kwenye bodi, isiwekwe moja kwa moja juu ya nguzo ya betri, ili mzigo wako nao uhesabiwe. Ukikiruka, kompyuta inadhani betri imejaa wakati inaisha.

Nikikanyaga mafuta spika zinapiga mluzi.

Ethi mbovu, au waya za sauti zimepita pamoja na waya wa umeme. Umeme upite upande mmoja wa gari, waya za sauti upande wa pili.

Altaneta kubwa ninunue ipi?

Kwanza tafuta ya gari la ukoo huohuo lenye injini sawa lakini vifaa vingi zaidi, kama toleo la baridi kali au lenye AC mbili. Mara nyingi inaingia kwenye mabano yaleyale. Linganisha plagi, puli na upana wa mkanda kabla ya kulipa. Ya used ipimwe ikiwa imefungwa, kwa klampu mita (kipimo kinachobana waya kwa nje) inayosoma DC. Klampu nyingi za mafundi wa nyumba zinasoma AC tu na zitakupa sifuri.

Uliza inatoa ampea ngapi kwenye sailensa. Altaneta ya 180 inayotoa 50 chini haitakuokoa mjini, na ya 130 inayotoa 70 chini itakufaa zaidi. Mkanda uwe mpya na umekazwa. Na usifunge altaneta kubwa bila kuongeza waya tatu, maana fyuzi na waya za kiwandani hazikupangiwa mzigo huo.

Joto la Moshi lina athari?

Kubwa. Betri ya risasi inazeeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za ziada, na kati ya Januari na Machi, upande wa chini wa mji, boneti ni tanuri. Funika betri kwa kinga yake ya joto kama gari lilikuja nayo. Amplifaya chini ya siti iwe na nafasi ya hewa pande zote, isifunikwe na kapeti. Ikijizima katikati ya safari na kuwaka baada ya kupoa, imekwambia inachotaka.

Polisi au majirani wanaweza kunisumbua?

Wanaweza, na wana haki. Kelele zinasimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015. Lakini fikiria masikio yako kwanza. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 una dakika 15. Mziki wa gari unavuka hapo kirahisi, na mtoto kiti cha nyuma amekaa mbele ya sabufa.

Wati mara mbili ni desibeli 3 tu. Sikio halisikii "mara mbili" mpaka wati zifike mara kumi. Boksi la sabufa lililopigwa vizuri na milango iliyozibwa mitetemo vinakupa zaidi ya amplifaya ya pili, na havidai hata ampea moja.

Bima kubwa itanilipa gari likiungua?

Waambie kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba umefunga mziki na betri ya pili, kabla ya tukio. Tunza risiti na picha za fyuzi. Mabadiliko yaliyofichwa yanawapa sababu ya kukataa.

Baada ya kufunga, nirudi lini?

Baada ya wiki mbili, hasa kama unapita barabara za vumbi na makorongo. Bolti zinalegea, shaba inajikalisha ndani ya viungo. Wewe mwenyewe, baada ya nusu saa ya mziki mkubwa, zima kila kitu uguse kishikio cha fyuzi, temino za betri na ethi. Vuguvugu si tatizo. Kikichoma kidole, kiungo kimelegea au hakikubanwa vizuri. Lagi ya shaba, kile kichwa cha mwisho wa waya, ibanwe kwa koleo lake maalumu, kupiga nyundo hakutoshi.

Kabla hujaondoka gereji, mwambie fundi apime mbele yako: betri gari likiwa limezimwa, betri kwenye sailensa bila mziki, betri na amplifaya mziki ukiwa juu, na ethi. Namba hizo tano ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha selotepu, pamoja na tarehe, kibandikwe chini ya boneti. Fundi yeyote atakayelishika gari hilo baadaye, awe Unga Limited au Majengo ya Moshi, ataanzia hapo.